CD za Chiriku

Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, malkia alikwama katikati ya neno.

"Mwanangu," alikuwa akisema ndani ya televisheni, "baba yako wa kweli ni... ni... ni... ni..."

Mama Arlette akashusha kikombe chake cha chai. "Papa Elsa! Amekwama tena."

Papa Camille, mumewe, baba wa Elsa, alikuwa amekwisha kuinuka. Alifungua deki, akaitoa CD, akaipeleka dirishani na kuigeuza kwenye mwanga. Mikwaruzo ilikuwa mingi kuliko mistari ya kiganja. Aliipuliza, akaipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, akaipaka dawa ya meno kidogo, akaisuuza na kuikausha. Mikono yake ilifanya kazi miaka thelathini na moja katika karakana ya reli ya Kalemie, mji wao wa kando ya ziwa. Ilikuwa imefufua injini ambazo wakubwa walikwisha kuzikatia tamaa. Lakini CD si injini. Alipoirudisha ndani, deki ilikoroma mara tatu, ikanyamaza.

"Basi," akasema.

"Basi nini?"

"Imekufa."

Mama Arlette alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za jirani. "Imekufa na jina mdomoni. Baba wa yule mutoto namujua, nimesikia mara arobaini. Lakini nilitaka Chiriku aniambie mwenyewe."

Zamani Mama Arlette alikuwa mshonaji, na nusu ya mtaa wa Kataki ilikwenda kanisani imevaa kazi ya mikono yake. Kisha presha ya macho ikamnyang'anya nuru polepole: kwanza pembeni, kisha tundu la sindano, mwishowe nyuso za watu. Kwa miaka sita sasa alijua tu dirisha liko wapi na mlango uko wapi. Siku alipompa binti wa dada yake cherehani, Papa Camille aliogopa kwamba mkewe angejikunja kama nguo isiyovaliwa. Haikuwa hivyo. Alivuta kiti chake karibu na televisheni akasema, "Filamu zimebaki."

Watu walijiuliza mwanamke asiyeona anatafuta nini kwenye filamu. Hawakujua kwamba filamu zake zilikuwa zile zilizotafsiriwa, ambazo mtu mmoja huketi na mikrofoni, akapunguza sauti za wageni, akasimulia yote kwa Kiswahili: nani anasema, nani anajificha nyuma ya pazia, nani amevaa nini na kwa nini hafai kuaminiwa. Watafsiri walikuwa wengi pande zote mbili za ziwa, lakini kwa Mama Arlette alikuwapo mmoja tu, aliyejiita Chiriku. Chiriku alilia penye kilio na kucheka penye kicheko. Mara nyingine alitafsiri huku akila, hata ukasikia anatafuna. Alikuwa mtoto mchanga, alikuwa jambazi, alikuwa bibi kizee, na wote walipogombana pamoja hukuweza kuamini kwamba ni mdomo mmoja.

Hizo CD walikuwa nazo kumi na moja. Hiyo ya malkia ilikuwa ya mwisho kufa.

*

Binti yao Elsa, aliyeolewa Lubumbashi, alikuwa amewatumia flashi tangu mwezi uliopita, kidude kidogo kama ukucha. Aliwaambia kwenye simu kwamba kina filamu mia mbili, wasihangaike tena na mambo ya kale. Papa Camille alikuwa amekiweka kwenye droo. Jumamosi iliyofuata alikitoa, akakichomeka kwenye televisheni, wakaketi.

Muziki ukalia. Watu wakaanza kusema kwa lugha ya mbali. Chini ya picha yakapita maandishi ya Kifaransa, upesi kama sisimizi waliomwagiwa maji.

"Wanasema nini?" aliuliza Mama Arlette.

Papa Camille alikodoa macho. Alipomaliza neno la pili, mstari ulikuwa umekwisha kuondoka.

"Wanaenda," akasema.

"Nani wanaenda?"

"Watu."

"Watu gani? Wanaenda wapi?"

"Wanaenda huko." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza, "Sasa wamerudi."

Mama Arlette alifunika mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika. Alijua aliolewa na mtu wa aina gani. Katika ndoa ya miaka thelathini na nane, yeye ndiye aliyesema na Camille ndiye aliyesikiliza, na mpango huo ulikuwa umewafaa. Camille aliweza kukaa na fundi mwenzake kutwa nzima chini ya behewa wakaongea maneno sita, matano kati yake yakiwa majina ya spana.

"Zima tu, Papa Elsa," alisema mwishowe. "Umejaribu."

Hakuisema kwa huzuni. Lakini jioni, akila ugali wao wa bukari, Papa Camille aliona kwamba mkewe amegeuza uso upande wa televisheni iliyozimwa, na lile neno *umejaribu* likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

*

Jumatatu alikwenda kwa Chérubin, kwenye njia ya kushuka bandarini.

Zamani duka la Chérubin lilikuwa ni CD tupu, kuta zimefunikwa kwa majalada ya filamu toka sakafuni hadi darini. Siku hizi kwenye kuta hizo zilining'inia chaja, vifuniko vya simu na nyaya za kila rangi. CD zilikuwa zimehamia kwenye kabati dogo la kioo lenye kufuli, kama dawa kali hospitalini.

"Chiriku?" Chérubin alipekua, akatoa moja, akaifuta vumbi kwa heshima. "Papa Camille, hii njo ya mwisho. Elfu kumi na tano."

"Chérubin! Hizi uliniuzia franka mia tano. Nikichukua tatu, ulinipa ya nne bure."

"Zamani, Papa. Zamani wafanyabiashara wa Kigoma walikuwa wanaleta kwa katoni, boti moja katoni ishirini. Sasa hawaleti hata moja. Huko pia hakuna tena muntu wa kuzitengeneza. Kila muntu ana filamu zake ndani ya simu." Aliinua kidole. "Lakini zile chache zenye kubaki, wenye kuzipenda wanazitafuta kwa tochi. Kuna bwana mumoja alitoka Lubumbashi, akachukua rafu nzima, hata bei hakuuliza. Kintu kikiwa kingi, wanakikanyaga. Kikiwa kidogo, wanakipigania."

Papa Camille aliitazama CD ile. Kwenye jalada lilikuwapo joka, na kwenye pembe, kwa maandishi manene, jina la Chiriku. Alilipa. Akarudi nyumbani akiwa ameishika kifuani, chini ya shati, kama yai.

Walisubiri Jumamosi, maana ndiyo iliyokuwa siku yao, na Jumamosi Mama Arlette, aliyekwisha kuambiwa kwamba ni filamu ya joka, alijifunga kanga mpya. Deki ikameza CD. Ikakoroma. Kisha kwaya ya watu kama hamsini ikaanza kumsifu Bwana.

Papa Camille alisimama katikati ya chumba, jalada la joka mkononi.

Mama Arlette alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, na wa pili nusu. "Wanaimba vizuri," alisema. "Lakini joka ni sauti ya kwanza ao ya pili?"

*

Chérubin alipoicheza CD ile na kusikia kwaya, aliona aibu ya kweli. Alirudisha pesa yote bila kuombwa, akaapa kwamba yeye mwenyewe aliuziwa hivyo, hakuwahi kuifungua. Papa Camille alisema si kitu. Alikuwa amegeuka kuondoka Chérubin alipomwita.

"Papa, ngoja. CD sina. Lakini muntu mwenyewe yuko."

"Muntu gani?"

"Chiriku. Si wa Kigoma yule. Ni muntu wa kaskazini, wa Baraka, anaitwa Néhémie. Amekuja hapa mwaka huu. Anauza nyavu pale mwaloni, karibu na mahali wanapoanika ndagala. Usiseme ni mimi nilikuambia, hapendi kuulizwa."

Papa Camille hakupita nyumbani. Alivuka daraja la mto Lukuga kwa miguu, akashuka mpaka mwaloni ufukweni, kwenye harufu ya ndagala, wale dagaa wakavu. Wauza nyavu walikuwa watano au sita, wamejipanga chini ya maturubai. Hakuhitaji kuuliza. Chini ya turubai la tatu mtu alikuwa akibishana bei na mvuvi, na sauti ile ilikuwa ya mfalme aliyekataa kutoa binti yake kwa maskini. Papa Camille aliijua mara moja, vile ambavyo angeijua honi ya treni yake.

Alisubiri mvuvi aondoke. Mwenye sauti alikuwa mtu mfupi, wa miaka arobaini na kitu, ana upara na miwani iliyofungwa kwa uzi wa wavu.

"Wewe njo Chiriku," alisema Papa Camille.

Yule mtu aliendelea kukunja wavu. "Chiriku hayuko. Mimi ni Néhémie."

"Sauti yako inakaa nyumbani kwangu miaka kumi na miwili."

Mikono ikaacha kukunja. Néhémie alimtazama mzee huyu mrefu, mkavu, aliyevaa shati la karakana lililopauka, akamsogezea ndoo iliyopinduliwa ili aketi.

"Papa, mambo hayo yalikwisha," alisema. "Filamu moja nilikuwa naifanya siku tatu. Inatoka Jumatatu, ikifika Jumatano wengine wameisha kuikopi, wanauza wao. Kisha simu zikaingia, hata wenye kukopi wakakosa kazi. Nikauza mikrofoni, nikanunua nyavu. Nyavu hazikopiwi."

"Huna hata CD moja?"

"Hata moja. Mwaka jana niliona moja Uvira, bwana mumoja anauza dola kumi. Sauti yangu mwenyewe!" Alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. "Niliishika, nikaiangalia, nikairudisha. Watoto wanasoma, minerval ya shule inangoja kulipwa."

Hapo ilimpasa Papa Camille aseme, na kusema ndiko kulikomshinda siku zote. Aliitazama mikono yake. Akaanza, neno moja moja, kama mtu anayetoa misumari kwenye ubao. Alisema kwamba mke wake haoni. Kwamba alikuwa mshonaji. Kwamba Jumamosi ndiyo siku yao. Kwamba kuna filamu ya mapacha ambayo Chiriku aliitafsiri akiwa na mafua, na mkewe aliposikia zile chafya alimwambia yeye Camille, huyu kijana apewe tangawizi. "Alisikitika kweli," alisema Papa Camille. "Alitaka nimupeleke tangawizi. Mimi nilimwambia, Mama Elsa, nimupeleke wapi? Yuko ndani ya CD."

Néhémie alivua miwani yake akaifuta, ijapokuwa haikuwa na kitu.

"Ile mafua ilikuwa mbaya sana," alisema. "Nyumbani kwenu ni wapi?"

*

Néhémie alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa koti na ameshika mkungu mdogo wa ndizi. Papa Camille hakuwa amemwambia mkewe kitu, ila tu kwamba kuna mgeni wa mwaloni. Mama Arlette alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mikeke wa kukaanga.

"Mama, salamu kwako," alisema Néhémie mlangoni.

Mama Arlette alinyoosha mkono kusalimia, na mkono ukabaki hewani.

"Sema tena," alisema.

"Nimesema salamu kwako, Mama."

"Sema: *Nitawafuata mpaka mwisho wa dunia, mbwa nyinyi!*"

Néhémie alimtazama Papa Camille. Papa Camille alitazama dari. Basi Néhémie akavuta pumzi, akapanua kifua, na jambazi wa jicho moja akaunguruma katika sebule ya Kataki hata kuku wakatawanyika uani. Mama Arlette alipiga makofi kama msichana. Kisha akamshika mgeni mikono yote miwili, akamkalisha kwenye kiti cha Camille, na muda mrefu hakumwachia.

Walichagua filamu moja kwenye flashi ya Elsa, wakapunguza sauti, na Chiriku akaanza. Mwanzo alikuwa mzito. Alikohoa, akachanganya shangazi na mke, akanyamaza mahali pasipofaa. Lakini baada ya robo saa moto ulishika. Koti likavuliwa. Waliolia ndani ya filamu walilia Kiswahili, waliopigana walipigana Kiswahili, na Mama Arlette aliketi ukingoni mwa kiti, uso wake ukipita kila hali iliyopita kwenye kioo. Papa Camille hakuitazama filamu hata kidogo. Alimtazama mkewe.

Walipokuwa wakila, Mama Arlette aliuliza, "Mwanangu, ile lugha ya hawa wa kwenye filamu uliisoma wapi?"

Néhémie alichambua mfupa wa samaki kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. "Mama, nikuambie ukweli?"

"Niambie."

"Siijui. Hata neno moja."

"Na ile ya Wachina?"

"Hiyo pia siijui."

"Ya Wakorea?"

"Mama, mimi najua Kibembe, Kiswahili, na Kifaransa cha kuomba msamaha kwa polisi. Ile ingine yote nilitunga. Niliangalia picha, nikaona uso wa muntu, nikasema kile ambacho uso unasema."

Papa Camille aliacha kutafuna. Alikuwa na hofu kwa ajili ya mkewe, miaka yote ile ya kuamini. Lakini Mama Arlette alikuwa ameegemea nyuma akicheka mpaka machozi yakamshuka.

"Nilijua!" alisema. "Nilijua tangu ile ya mapacha! Yule ndugu mubaya alikuwa na jina la Kihindi mpaka katikati. Kisha akaanza kuitwa Fidèle!"

"Fidèle ni shemeji yangu," alikiri Néhémie. "Nilisahau jina la kwanza, na siku ile tulikuwa tumegombana."

Hata Papa Camille alicheka, na alicheka vibaya kwa kukosa mazoezi. Lakini ndani yake jambo lilikuwa limelegea, kama parafujo iliyoshika kutu inapokubali spana. Maisha yote aliamini kwamba mtu hagusi kitu asichokisomea. Karakana ilimfundisha hivyo. Na kumbe yule bingwa hakuwa amesomea kitu.

*

Néhémie alikuja Jumapili mbili zaidi. Kisha alisema anapanda Baraka kuchukua nyavu mpya, hatarudi kabla ya Pasaka. Papa Camille alimsindikiza mpaka barabarani.

"Nilijaribu mara moja," Papa Camille alisema, macho yakiwa chini. "Kumutafsiria. Nilishindwa."

"Ulisema nini?"

"Wanaenda."

Néhémie hakucheka. "Papa, usiseme anachokifanya muntu. Mama anasikia viatu, anajua anaenda. Sema anachokitaka. Anaenda sababu anataka nini? Ukishajua anachokitaka, mudomo utajifungua wenyewe."

Jumamosi ya kwanza bila mgeni, Papa Camille aliketi mbele ya ile flashi akatoka jasho. Alichagua filamu bila kujua ni ya nini. Katika dakika kumi za kwanza alisema maneno machache, akapotea, akaomba radhi, na Mama Arlette akamvumilia. Kisha, kwenye kioo, treni ikatokea. Ilikuwa ya makaa, ndefu, inapanda mlima, na dereva wake alikuwa mzee mwenye masharubu aliyetazama saa ya presha kwa wasiwasi.

"Huyu," alisema Papa Camille, "anataka kufika juu kabla maji hayajaisha."

"Maji gani?"

"Ya bwela, pale mvuke unapopikwa. Angalia... sikia, Mama Elsa. Sikia inavyopumua. Hiyo si pumzi ya kupanda, hiyo ni pumzi ya kuvuja. Kuna bomba limefunguka upande wa kushoto, na huyu mzee anajua, lakini hawezi kuwaambia wale mabwana wa nyuma, sababu watamufukuza kazi, na ana binti anataka kumuoza."

Kama alikuwa na binti, filamu haikuonyesha. Lakini Papa Camille alikuwa ameuona uso wa yule mzee. Aliujua uso huo. Aliwahi kuuvaa mwenyewe kwenye njia ya Niemba, mwaka ambao mabehewa mawili yalikatika na yeye na mwenzake wakakaa siku mbili porini wakila mihogo mibichi, wakibembeleza injini kama mgonjwa. Sasa hayo yote yalitoka. Aliusema woga wa dereva, na ukaidi wake, na namna anavyoiongelesha injini kwa jina pasipo mtu kusikia. Alipiga honi. Alifunga breki kwa meno. Treni ilipofika juu ya mlima, Papa Camille alikuwa amesimama, shati limelowa, na alikuwa amesema karibu saa nzima bila kupumzika.

Mlangoni alikuwa amesimama jirani yao Mama Immaculée, ungo wa mchele mkononi, mdomo wazi.

"Camille," alisema Mama Arlette. Hakuwa amemwita kwa jina hilo peke yake tangu Elsa azaliwe. "Ile ya kuongea na injini. Ulikuwa unafanya hivyo?"

"Mara kwa mara."

"Uliiita nani?"

Papa Camille alijikuna shingo. "Arlette," alisema. "Ilikuwa injini nzuri."

Mama Immaculée aliketi palepale kizingitini, akaweka ungo chini. "Endelea, Papa Camille," alisema. "Binti wa dereva anaolewa ao haolewi?"

*

Tangu hapo hakuna Jumamosi iliyopita kimya. Papa Camille hakuwa Chiriku. Sauti yake ilikuwa moja tu, ya kukwaruza, na wanawake wote wa filamu zake walisema kama mafundi wa reli. Mama Arlette alivumilia hilo majuma mawili. La tatu, binti wa mfalme alipomwambia mpenzi wake "Haya, tuonane," Mama Arlette alishindwa.

"Hapana! Mwanamuke hasemi hivyo! Amefanya nini na uso?"

"Ameinamisha kichwa. Anashika ukingo wa nguo."

"Anashika kwa vidole viwili ao kwa mukono wote?"

"Kwa vidole viwili."

"Basi," alisema Mama Arlette, na sauti yake ikawa changa ghafla, "*nenda zako, mimi sikukuita. Lakini ukienda, pita njia ya nyuma, maana mbele kuna baba.*"

Wakagawana. Camille alikuwa macho na wanaume, Arlette alikuwa wanawake na nguo. Alitaka kujua kila mshono, na kutokana na mshono alitabiri tabia ya mtu, na mara nyingi alipatia kuliko filamu yenyewe. Mama Immaculée alikuja na kibao chake cha kukalia. Dada zake wawili wakaja pia. Elsa alipopiga simu akaambiwa angoje, maana mfalme alikuwa anakata roho.

Karibu na Pasaka, Chérubin alimsimamisha Papa Camille njiani. Alikuwa amepata CD ya Chiriku, safari hii ya kweli, ameisikiliza mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Mtu wa Lubumbashi alikuwa ameahidi elfu thelathini, lakini kwa sababu ya ile aibu ya kwaya angemwachia Papa Camille kwa ishirini.

Papa Camille alipeleka habari nyumbani. Mama Arlette alikuwa akichambua mboga kwa vidole, jani kwa jani.

"Inunue," alisema. "Lakini si yetu. Muntu akose sauti yake mwenyewe, nayo iende kwa tajiri? Hapana."

Hivyo Néhémie aliporudi, na nyavu zake na zawadi ya mafuta ya mawese, alikabidhiwa CD iliyofungwa kwa kipande cha kitenge. Aliifungua, akapitisha kidole kwenye jina lake. Akaombwa aiweke kwenye deki, wasikie wote. Ikacheza safi, bila kukwaruza, na kijana wa miaka thelathini, Chiriku wa zamani, akajaza chumba kwa furaha na makosa.

Néhémie alisikiliza dakika tano, ameshika magoti. "Nilikuwa naenda mbio sana," alisema. "Sikia, simuachi mama wa watu hata alie." Kisha akainuka, akaitoa, akairudisha kwenye kitenge na kuiweka mfukoni mwa ndani wa koti. "Nitawasikilizisha watoto. Hawaamini. Leo nataka kusikia ile ya hapa. Mama Immaculée ameniambia njiani kwamba Papa ana treni."

Kwa Papa Camille, kutafsiri mbele ya Chiriku kulikuwa kama kuhubiri mbele ya askofu. Lakini flashi ilikuwa imekwisha kuchomekwa, Mama Immaculée alikuwa kwenye kibao chake, na kwenye kioo mtu mwenye kofia alikuwa anagonga mlango wa nyumba kubwa, mvua inanyesha.

"Anataka nini?" aliuliza Mama Arlette.

Papa Camille alimtazama yule mtu, kofia yake, mabega yake, namna alivyogonga mara mbili akarudi nyuma hatua moja.

"Anataka kuomba msamaha," alisema, "lakini anaomba Mungu asimukute muntu nyumbani."

"Ee," alisema Chiriku polepole, akasogeza kiti chake mbele. "Na ndani kuna nani?"

"Ngoja," alisema Mama Arlette, akiinua mkono. "Nasikia bangili. Mlango unafunguliwa na mwanamuke. Huyo ni wangu. Amevaa nini?"